Nani Amwambie Eisaku

Hamamatsu, 6 Machi 1994

Shangazi Kinu,

Shikamoo. Natumaini theluji ya Hakodate imeanza kukuachia njia ya kwenda sokoni, na goti lako halikusumbui kama ulivyoandika kwenye kadi ya mwaka mpya. Huku kwetu ni ule upepo mkavu tu, unaingia mpaka masikioni. Binti yangu Mihoko amefaulu mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Aliitangaza habari hiyo barabarani kwa kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kaburi la mama tulilisafisha Jumapili. Baa ya baba inaendelea, wateja ni walewale na kila mmoja yuko kwenye kiti chake.

Sasa niseme kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yetu iko ukutani jikoni, karibu kabisa na kikaango cha baba, na wewe kwenye simu husikii mpaka mtu apige kelele. Hili si la kupigiwa kelele.

Unakumbuka baba alianguka na baiskeli mwezi wa Januari akagonga kisogo. Tulikuambia amepona, na kweli daktari alimpima macho, akampima masikio, akamwambia atembee juu ya mstari, akatembea. Hakuna aliyemuuliza habari za pua. Shangazi, baba hasikii harufu yoyote. Wiki iliyopita kitambaa cha kufutia kilishika moto kando ya kiwiko chake, moshi ukajaa, wateja wakaanza kukohoa, naye anaendelea kuuliza nani kashinda besiboli. Mimi ndiye niliyekizima. Akaniambia, "Mbona unakimbiakimbia?"

Na mwenyewe anajua. Jana alasiri nilimkuta ameshika chupa ya siki chini ya pua, amesimama kama mtu anayengoja basi. Aliponiona akaifunga, akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Harufu imeondoka na ladha. Anaunga ile nyama ya kukunjia ndani ya unga wa gyoza kwa mazoea ya mkono, halafu hauamini mkono wake, anatia tena. Siku moja chumvi inachoma ulimi. Siku nyingine ni kitunguu saumu mpaka machozi yanakutoka, na siku nyingine hamna kitu kabisa, unatafuna karatasi iliyolowa. Na watu wanakula! Hapo ndipo ninapoumia. Mzee Kuwabara, yule aliyestaafu kiwanda cha piano, anaimaliza sahani nzima, gyoza zote zilizopangwa kwa duara pamoja na chipukizi za choroko za katikati. Anapangusa mdomo, anasema, "Tamu sana, bosi," halafu anaagiza bia nyingine ya kuzimia moto. Nagoshi kinyozi naye hivyohivyo. Wakitoka nawaona dirishani wanatazamana tu. Hawasemi hata huko nje.

Mimi siwezi, Shangazi. Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Baba, leo chumvi..." Akasimamisha kijiko, akanigeukia, akangoja nimalize. Nikamalizia, "...imekaribia kwisha." Ikabidi niende dukani kununua chumvi.

Wewe ni dada yake. Ndiwe peke yako uliyebaki duniani unayemwita Eisaku bila kuongeza neno la heshima, na hujawahi kumwogopa. Naomba umwambie aache kuunga, anipe mimi kijiko. Aendelee kukaanga, hilo analiweza kwa masikio tu, anasikia maji yanavyokauka kwenye kikaango. Lakini kuunga aache.

Mwanao,
Chizuru


Hakodate, 29 Machi 1994

Chizuru,

Marahaba. Mwambie Mihoko bibi yake amefurahi, na kwamba kelele barabarani ni urithi wa upande wangu. Goti ni lilelile. Paka amezaa ndani ya kabati la magodoro, sasa mwenye nyumba ni yeye, mimi nalala pembeni.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Ulikwenda kununua chumvi! Wewe ni mtoto wa mama yako kabisa. Marehemu Sadako naye alimwogopa mumewe kama vile ni mkuu wa polisi, kumbe ni kijana wa kulialia tu, nimemfuta kamasi mimi.

Na nikuambie ukweli kuhusu gyoza za baba yako: hazijawahi kuwa nzuri. Aliyezijua ni mama yetu. Alifundishwa na jirani yetu Mchina kule Mukden, Uchina, akatufundisha sisi wawili kwenye meza moja, kabla hatujampoteza. Nilizokunja mimi zilikaa vizuri kama mwezi mchanga. Za Eisaku zilifanana na sikio la mcheza mieleka, na nilimwambia hivyo akiwa mdogo vile. Tuliporudi Japani, mimi na yeye tu, tukaanza kuuza kwenye kibanda karibu na stesheni, nikamwambia tena. Siku ya kufungua hiyo baa, watu wamevaa suti zao, nilimwambia mbele ya mgeni rasmi kwamba unga wake ni mnene kama soli ya kiatu. Sijamsifu hata siku moja, na umeona mwenyewe, amekua vizuri, ana hata kitambi.

Kwa hiyo nitamwambia, usiwe na wasiwasi. Ila si kwa barua. Mtu haandikiwi kwamba pua yake imekufa, akaisoma peke yake kwenye kaunta huku nyama inamngoja. Nitakuja Mei kwenye sikukuu ya tiara. Nitakaa kwenye kiti cha katikati, nitauma moja, nitairudisha sahanini na kumwambia watu wote wakisikia: Eisaku, mpe mtoto wako kijiko. Ni jambo la dakika moja. Ninyi watu wa Hamamatsu mmekuwa wapole mno, mtamezeshwa mawe mseme tamu.

Mpaka nije, wewe nusa nyama kila asubuhi. Chumvi haimuui mtu kwa siku moja. Nyama ndiyo inayonitia hofu.

Shangazi yako


Hamamatsu, 14 Mei 1994

Shangazi,

Shikamoo. Sikukuu imepita salama. Tiara ya mtaa wetu ilikatika kamba siku ya kwanza kabisa, ikaangukia shamba la watu. Mihoko alipuliza tarumbeta mpaka midomo ikavimba.

Tulikungoja. Baba alianika godoro lako siku mbili, akanunua na mto mpya. Alimwambia kila aliyeingia, "Dada yangu anakuja kunitukana," anacheka peke yake. Ulipopiga simu kusema ni goti, alirudi kwenye kikaango na hakucheka tena jioni ile. Nami nikampigia Bi Asari, jirani yako, kumwomba akupelekee dawa ya kuchua. Akashangaa. Alisema asubuhi hiyohiyo amekuona unapanda ngazi za hekalu bila hata mkongojo. Sikulaumu, Shangazi. Nakuuliza tu.

Nyama nainusa. Naamka kabla yake, nafungua friji, nainamia zile bakuli kama mwizi. Shida ni kwamba nyama mpya anaifuata mwenyewe buchani kwa baiskeli, na akirudi anaiacha mezani huku anakata kabichi, anasahau. Zamani pua ilikuwa inamkumbusha. Sasa hivi kuna baridi kidogo. Juni ikija sijui nitafanyaje.

Wateja nao wameunda chama, sijui nikiiteje. Nagoshi anakuja na kachumbari yake mfukoni. Kuwabara amegundua ukichovya kwenye siki tupu, bila sosi ya soya, chumvi inapungua. Wamefundishana wote. Juzi waliingia vijana wawili, wachumba, wageni kabisa. Yule binti akauma moja, uso ukajikunja. Kabla hajafungua mdomo Nagoshi amekwisha mwinamia.

"Dada, hapa kwetu unachovya siki nyingi. Ndiyo desturi ya baa hii."

"Siki tupu?"

"Siki tupu. Na unameza haraka."

Na kutoka jikoni baba anauliza kwa sauti, "Vipi hao wageni, zinapanda?" Baa nzima ikajibu kwa pamoja, "Zinapanda, bosi!" Yule binti akainama akala zote, maskini. Niliwasindikiza mpaka nje nikawaomba radhi bila kusema ni radhi ya nini.

Wanampenda, najua. Lakini upendo wao umenifungia mlango. Kila akiwasikia anajiona yuko salama, anaongeza mkono. Njoo, tafadhali.

Chizuru


Hakodate, 8 Juni 1994

Chizuru,

Marahaba. Huku ngisi wameanza kuonekana, bei juu, ladha hamna. Paka wamegawiwa, nimebaki na mmoja mwenye jicho bovu, tunafanana.

Huyo Asari ana macho marefu. Mwambie achunge sufuria yake. Kwa nini sikuja Mei usiniulize. Nitakuja joto likipungua, siwezi kupanda treni siku nzima nikiyeyuka.

Umeniandikia kurasa nyingi za chumvi na siki, hujaniambia yeye yukoje. Amekonda? Bado anaimba akiwa anakata kabichi? Analala usiku? Hayo ndiyo mambo ya kumwandikia dada wa mtu. Mto huo mpya usimpe mtu.

Shangazi yako


Hamamatsu, 31 Julai 1994

Shangazi,

Shikamoo. Joto la mwaka huu sijawahi kuliona. Mihoko analala sakafuni, mgongo umeegemea friji. Umeuliza kama baba anaimba. Anaimba. Alikuwa anaimba hata siku ile nitakayokusimulia sasa, na tangu siku hiyo siwezi kuvumilia kumsikia.

Shuleni kwa Mihoko waliita wazazi. Nikaondoka mapema, nyama haijaja. Niliporudi baba alikuwa amekwisha changanya kila kitu ndani ya beseni, nyama, kabichi, majani ya vitunguu, tangawizi. Karatasi ya bucha ilikuwa pale mezani, kwenye jua la dirishani. Nikainama kunusa, ila kwa kitunguu saumu kile hata mimi sikupata harufu nyingine. Nikasema moyoni, labda ni salama. Hiyo "labda" sasa naamka nayo na kulala nayo.

Jioni ile kwa sababu ya joto watu walikuwa wachache, na hiyo ndiyo bahati yetu pekee. Nagoshi alitapika nyumbani kwake, akafunga duka lake la kunyoa, akabandika mlangoni kwamba amesafiri. Mzee Kuwabara anaishi peke yake. Mama anayepita kuuza maziwa ndiye aliyemkuta amelala sebuleni, hana hata nguvu ya kuitika. Walimkimbiza hospitali. Daktari akamuuliza amekula nini, naye, huku ameinamia beseni, akajibu amekula samaki, mkunga wa juzi aliyemsahau nje ya friji.

Shangazi, Kuwabara hali mkunga. Samaki huyo hapatani na tumbo lake, baa nzima inalijua hilo. Alimdanganya daktari wake katika hali ile ili watu wa afya wasije wakafunga mlango wa baba. Nagoshi ndiye aliyeninong'oneza, na alininong'oneza kwa fahari.

"Tulishakubaliana zamani," akasema. "Yeyote akiulizwa, ni mkunga."

"Na angekufa?"

Akafikiri kweli. "Basi angekuwa amekufa kwa mkunga."

Nililia mbele yake, pale kwenye kiti cha kunyolea. Akanipa taulo ya moto na kuniambia nisimwambie bosi.

Baba alifikishiwa habari ya mkunga kama ilivyotungwa. Akakasirika. "Mtu mzima mzima anakula kitu kilichooza! Pua yake iko wapi?" Alisema hivyo, halafu ghafla akageukia sinki akafungua maji. Baadaye akakaanga sahani ya gyoza, nyama yake nilikuwa nimeinusa mwenyewe, akazifunga kwenye kitambaa safi, tukaenda hospitali.

Kuwabara alikuwa na mpira wa dripu mkononi. Baba akafungua kitambaa juu ya shuka. Kuwabara akazitazama zile gyoza, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nesi akaja mbio, mgonjwa haruhusiwi vyakula vya nje. "Sista," akamwambia, "hiki si chakula, hii ni dawa ya kwetu." Akala moja, amefumba macho, anatafuna kidogokidogo. Baba amesimama pembeni, uso unang'aa.

"Zinapanda?"

"Tamu, bosi."

Nilikuwa nimeshika maua mkononi na sikujua niyaweke wapi. Nikisema, nitamvunja baba. Nikinyamaza, ataua mtu, na mtu huyo atakufa anamsifu. Maji yamenifika shingoni, Shangazi. Njoo, hata kwa machela, njoo.

Chizuru


Hakodate, 27 Agosti 1994

Chizuru,

Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika barua nyingine nikazichana.

Nimekata tiketi. Nitafika tarehe kumi Septemba jioni. Usimwambie kitu chochote, mwambie tu dada yake ana njaa.

Kinu


Hakodate, 21 Septemba 1994

Chizuru,

Nimefika salama. Paka alikuwa kwa Asari na amenenepa. Mvua inanyesha.

Najua umenikasirikia. Ulinibebea begi mpaka ndani ya behewa, halafu ukaniinamia vile mnavyowainamia wateja wanapoondoka. Nilistahili, na nimelia mpaka Tokyo.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyarudiarudia tangu nivuke bahari, mpaka mwanamke aliyekaa karibu nami akahama kiti. Nilipoinua pazia la mlangoni, watu wote wakasimama kunipokea, na Kuwabara akiwa miongoni mwao, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Nikasema, kwa ajili ya mzee huyu, leo lazima.

Lakini Eisaku hakukupa wewe sahani uniletee. Aliileta mwenyewe. Alizunguka kaunta, akaiweka mbele yangu, akapangusa mikono kwenye aproni, na hakuondoka. Wewe ulikuwa jikoni, uliona mgongo. Mimi niliuona uso.

Uso ule nimewahi kuuona mara moja. Ulikuwa mwaka ule Japani iliposhindwa vita tukatoka Mukden, tumepakiwa kwenye behewa la wazi, yeye ana homa, ameshika mkono wangu. Akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia mama amepata nafasi nzuri kwenye behewa la mbele, anakula wali. Alijua nadanganya, Chizuru. Alinitazama machoni akaniomba, bila kusema, nisiache. Nami sikuacha mpaka tulipofika bandarini. Ndiyo maana maisha yangu yote nimemtukana. Niliapa kwamba kinywa changu hakitampa tena utamu wa uongo. Na ndiyo maana sikuja Mei. Nilijiogopa.

Nikauma moja. Ilikuwa chungu, sijui kama ni tangawizi ama ni mafuta ya zamani, na katikati chumvi imeganda. Nikameza. Nikafungua mdomo kusema, Eisaku, mpe mtoto wako kijiko. Nikasikia sauti yangu inasema, "Tamu, Eisaku. Tamu kweli." Baa ikapiga makofi. Nikala zote, maana baada ya hapo ningefanyaje?

Sasa mmebaki na hatari ileile, na mimi nimeiongezea makofi. Sina nguvu ya kurudi tena. Usiniombe. Ninajidharau vya kutosha mwenyewe.

Shangazi yako


Hamamatsu, 4 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Joto limekwisha, usiku tunajifunika. Mihoko ana kikohozi kidogo, hakimzuii kupiga kelele. Nilikukasirikia, ni kweli. Sasa sina hasira na mtu yeyote, na utaelewa ukisoma mpaka mwisho.

Juzi alasiri tulikuwa wawili tu, pazia la kufungulia baa halijatundikwa. Baba alikuwa na beseni mbele yake. Akachota chumvi, mkono ukabaki hewani. Akairudisha chumvi kwenye kopo, akakaa juu ya kreti la bia.

"Dada amenisifu," akasema.

"Ndiyo, baba. Nilisikia."

"Akala zote."

"Safari ndefu ile, alikuwa na njaa."

Hakucheka. "Dada yangu, tangu nipate akili, amenipa neno tamu mara moja tu. Lilihusu mama. Nilijua siku ile, na siku hii nayo nilijua, alipofungua mdomo tu." Akaitazama mikono yake. "Na Kuwabara hali mkunga. Nimempikia miaka yote hiyo, ningekosaje kujua? Nilitaka kusikia wanavyosema wao, basi. Nilitaka iwe mkunga."

Kwenye kikaango mafuta yalikuwa yameanza kulia, akainuka akapunguza moto, akarudi kukaa.

"Chizuru, niambie wewe. Ni mbaya kiasi gani?"

Shangazi, miezi yote hii nimekusumbua uje umwambie, na mwenyewe akaja akaniuliza. Hapakuwa na mteja wa kumwonea aibu, hapakuwa na kazi ya kukimbilia. Alikuwa amekaa chini yangu, unga mpaka kwenye viwiko, anangoja. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, au hata kunyoosha mkono tu na kupokea kijiko. Nilikutazama wewe ukishindwa nikakudharau kimoyomoyo, nataka ulijue hilo.

Nikamwambia, "Si mbaya, baba. Ni tamu kama kawaida."

Akanitazama. Hakukasirika, wala hakushangaa.

"Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani," akasema.

Akainuka, akatia chumvi, akachanganya. Saa kumi na moja akatundika pazia mlangoni. Kuwabara ndiye aliyeingia wa kwanza, akaagiza sahani yake ya siku zote, na baba akamwinamia mpaka paji la uso likakaribia kaunta, akakaa hivyo mpaka Kuwabara mwenyewe akamwambia inatosha, bosi. Halafu akaenda kuwasha moto, nami nikampangia mzee vijiti na siki yake.

Mwanao,
Chizuru